Maji Moto wa Shangazi

Mwaka nilipougua mafua makali, pua yangu iliacha kusikia harufu. Kwa mtu mwingine pengine lingekuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa napika chakula Kilwa Masoko, karibu na stendi, katika banda nililoshirikiana na mwenzangu mmoja, na pua ndiyo iliyokuwa ikiniambia wali umekauka, kitunguu kimefika, samaki huyu wa jana asiingie sufuriani leo. Homa iliondoka, kikohozi kikaondoka, harufu haikurudi. Nilikuwa nainama juu ya pilau na kitu pekee nilichokipata ni mvuke wa moto usoni.

Ijumaa moja, watu wakiwa wanakaribia kutoka msikitini, maharage yaliungua nami nimesimama palepale na mwiko mkononi, nazungumza na mteja. Mwenzangu alikuwa ametoka kununua mkaa. Alipoingia alivuta pumzi mara moja tu, akautupa mfuko chini na kukimbilia sufuria. Hakunigombeza. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba harufu huweza kurudi polepole, miezi hata zaidi, na kwamba kwa wengine hurudi nusu. Mwenzangu akasema niende nikapumzike kwa ndugu, banda angelishika yeye na mdogo wake. Nikakubali haraka, kwa sababu nilishaanza kuliogopa jiko langu mwenyewe.

Nilikwenda kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Anaishi kijiji cha bara, ukishapita Mtama, kwenye shamba la mikorosho aliloachiwa na mumewe. Watoto wake wote wameondoka. Pikipiki iliponishusha nilimkuta anafagia uwanja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipokea begi, na kabla hajaniuliza habari za ugonjwa akanyoosha ufagio kuelekea shambani na kuniambia nisije nikakaa chini ya mikorosho ile, maana ina wenyewe.

Wenyewe walikuwa maji moto. Asiyewajua akumbuke chungu wekundu, wembamba, wenye miguu mirefu, wanaoshona majani mabichi ya mti yakawa nyumba ya mviringo kama mpira. Jina lao linatosha kueleza wanavyouma. Anakung'ata kwanza, kisha anakunja tumbo na kumimina uchachu wake palepale alipokung'ata, nawe unaruka kama uliyemwagiwa maji ya chai. Utotoni tuliwaogopa kuliko nyuki. Wakulima wengi wanawachoma kwa kienge cha makuti kabla ya kupogolea matawi. Shangazi alikuwa amewaacha, na zaidi ya kuwaacha, alikuwa amewatengenezea njia. Alifunga kamba kutoka mkorosho hadi mkorosho, usawa wa kichwa cha mtu: kamba za katani zilizochakaa, kamba za nailoni, mahali pengine mpira wa baiskeli uliochanwa. Alisema wakishuka chini wanaviziwa na sisimizi wa kahawia, ambao ni wadogo lakini ni wengi na wana chuki nao.

Sababu yake ilikuwa mbu wa mikorosho. Ni mdudu mwembamba anayefyonza machipukizi na maua, na kila anapochoma panabaki doa jeusi, kisha tawi zima hukauka ncha kama lililopitiwa na moto. Shangazi alinieleza kwamba penye maji moto mbu yule hapati nafasi ya kutua. Salfa ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani na maua, alikuwa anapuliza kama wenzake, lakini dawa ya kuua wadudu hakutaka hata kuiona, kwa kuwa ingewaua na walinzi wake. Majirani walimcheka. Wakati wa kuokota korosho, vibarua walikataa kuja kwake kwa sababu ya kuumwa, na yeye aliokota mwenyewe, suruali ya marehemu mumewe ndani ya gauni, miguu ameipaka majivu.

Siku za kwanza nilitaka kumpikia. Mboga niliyoipika aliila yote kwa adabu, halafu akaniambia kwamba chakula changu kimekuwa kama cha hospitali. Toka siku hiyo jiko likawa lake na mimi nikapewa kazi ya kamba. Nilikuwa napita shambani asubuhi kuangalia ipi imekatika, ipi imelegea, ipi imefunikwa na buibui. Ndivyo nilivyoanza kuwatazama.

Mwanzoni niliona tu chungu wanakwenda na kurudi. Baadaye niliona kwamba wanapopita kwenye kamba, wengine hugusisha ncha ya tumbo kila hatua chache, kidogo sana, kama mtu anayepiga muhuri. Wanaokutana hawapishani hivihivi. Husimama, hugusana kwa papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, kila mmoja anajiridhisha kuwa mwenziwe ni wa nyumbani, ndipo wanaachana. Mchana mmoja nikachukua kitambaa, nikakilowesha maji ya majivu, nikafuta kipande cha kamba kisichozidi shubiri. Nilifanya kwa udadisi tu.

Waliokuwa wanakuja kwa kasi walifika mwanzo wa kile kipande wakasimama kama waliofika ukingoni mwa mto. Walipapasa mbele, wakarudi nyuma, wakapapasa tena. Upande wa pili nao wakasimama. Punde wakawa wamesongamana pande zote mbili, na katikati pale kamba tupu, kamba ileile waliyoipita asubuhi nzima. Njia ilikuwepo, macho yangu yaliiona, lakini kwao ilikuwa imefutika. Nilijikuta nimeketi kwenye kisiki, kitambaa mkononi. Nilikuwa nawaelewa mno.

Kisha mmoja akaingia. Alikwenda polepole, tumbo ameliburuta, akafika katikati, akarudi. Akaingia tena, na safari hii akavuka. Wa pili akamfuata akipapasa alipopita mwenzake, naye akaburuta. Wa tatu alikwenda haraka zaidi. Kabla shangazi hajaniita kula, kamba ilikuwa inapitika kama zamani, na hakuna ambaye angejua kulitokea kitu pale. Nilimweleza shangazi wakati wa chakula. Alisikiliza, akasema kwamba nisiwafutie tena njia yao kwa sababu wana kazi, kisha baada ya kumeza tonge mbili tatu akaniuliza yule wa kwanza alikuwa mkubwa au mdogo.

Kuanzia hapo tukawa tunawatazama sote wawili. Hakukiri, lakini nilimwona anahamishia kinu karibu na mkorosho mkubwa nyuma ya nyumba, umbali wa kuona bila kuumwa.

Pale ndipo tulipouona uwindaji. Panzi mkubwa wa kijani, mwenye mapaja kama ya chura, alitua kwenye tawi la chini. Maji moto mmoja aliyekuwa karibu alimrukia na kumkamata unyayo wa mguu wa nyuma. Nilidhani amejitafutia kifo. Panzi alirusha mguu na yule chungu akapepea nao hewani, lakini hakuachia. Alikuwa ameinua tumbo juu. Papo hapo wengine wawili watatu waliokuwa wanapita wakageuka ghafla, vinywa wazi, kana kwamba wameitwa kwa jina. Mmoja akashika mguu mwingine. Mwingine hakushika chochote, na huyo ndiye niliyemfuata kwa macho. Alikimbia kurudi kwenye kiota, anaburuta tumbo kwenye gome, na kila aliyekutana naye alimtikisia mwili mbele na nyuma, halafu akaendelea. Waliotikisiwa walishika njia aliyoiacha, wakaja mbio hadi kwa panzi bila kupotea hata kwenye mapanda ya tawi.

Wakafika kwa makumi. Kilichonishangaza ni kwamba hawakumrundikia. Kila mmoja alitafuta mahali pa kushika, mguu, papasi, ncha ya bawa, akakaza miguu yake kwenye gome na kuvuta kwenda nyuma. Panzi akawambwa kama ngozi ya ngoma. Nguvu zote alizokuwa nazo kwenye mapaja zilikosa pa kukanyagia. Hapakuwa na aliyesimama pembeni anaamuru. Shangazi alikuwa ameacha kutwanga, mchi ameukumbatia.

"Sasa nani anawaambia," aliniuliza kwa sauti ya chini, "kwamba huyu avute huku na huyu avute kule?"

Tulibaki tunatazama mpaka panzi alipotulia, wakampandisha juu ya shina, wengine wanavuta, wengine wanasukuma, hadi akapotelea kwenye majani yaliyoshonwa. Siku ile tulichelewa sana kula.

Kulikuwa na mkorosho mmoja mwisho wa shamba, karibu na njia, ambao haukuwa na maji moto. Ulikuwa mti mzuri, lakini kila machipukizi yalipotoka mbu waliyamaliza. Shangazi aliamua tuwahamishie walinzi. Alfajiri, wakati wa ubaridi ambapo chungu wamezubaa, tulikata matawi yenye viota, tukavitia kwenye magunia na kufunga midomo kwa kamba. Viota viwili tulivitoa mkorosho wa nyuma ya nyumba. Vingine viwili shangazi alivitoa ng'ambo ya njia, kwa kuwa huko vilikuwa chini na ni rahisi kuvifikia. Tukavitundika vyote kwenye mti ule, tukafungua magunia, tukakimbia.

Tuliporudi jua limepanda tulikuta vita. Maji moto kwa maji moto, wekundu kwa wekundu, wameng'ang'aniana wawili wawili na wanne wanne, wanavutana vilevile walivyomvuta panzi. Chini ya mti maiti zilikuwa zimetapakaa kama pumba. Mimi nisingeweza kumtofautisha wa upande huu na wa upande ule hata kwa kulipwa. Wao hawakukosea. Shangazi alisimama mikono kichwani. Alikuwa amewatunza miaka yote ile na sasa amewaua kwa mkono wake.

Siku hizo alikuwa akipita kijijini afisa ugani, binti wa umri wa wanangu, anayetembelea mashamba kwa pikipiki. Nilimsimamisha njiani nikamweleza. Alikuja, akamwamkia shangazi kwa heshima, akaenda kwenye mti na kukaa muda mrefu akitazama zile maiti. Ndipo akatueleza yale tuliyokuwa tumeyaona bila kuyajua.

Alisema maji moto anabeba harufu mbalimbali mwilini, kila moja na mahali pake na kazi yake. Iko ya njia, inayotoka mwisho wa tumbo, ndiyo anayoipiga kwenye kamba. Iko ya kuita walio karibu, anayoitoa akiinua tumbo pale alipokamata mnyama. Kinywani ana ya kutahadharisha, inayosambaa hewani na kuisha upesi, na anayeisikia hufunua taya na kuja kuuma. Na juu ya zote hizo, ngozi ya kila chungu ina harufu ya kwao. Koo zote za maji moto zinafanana kwa macho, lakini kila ukoo una harufu yake, na asiyekuwa nayo ni adui.

"Kwa hiyo bibi, hawa wa ng'ambo ya njia kwa hawa wa nyumbani ni wageni kabisa," alisema. "Umewalaza maadui kitanda kimoja."

"Nami niliwaona ndugu," shangazi akajibu.

"Tungewaona hivyo sote. Sisi tunatumia macho."

Nikamuuliza lile swali la shangazi, nani anawapanga wakati wa kuwinda. Akasema hakuna. Kila mmoja anasikia harufu, anafanya lililo karibu yake, na kwa kulifanya anaongeza harufu ya kumwita mwingine. Mnyama akiwa mdogo, wito ni mdogo na wachache wanakuja. Akiwa mkubwa na anapigana, wito unarundikana mpaka mti wote unajua. Njia isiyo na faida haiongezwi harufu, inapotea yenyewe. Shangazi akauliza, na mfalme je? Tangu awali alikuwa anaamini kwamba yuko mfalme juu kabisa ya mti, anatoa amri. Binti akamwambia kuwa yuko malkia, ila kazi yake ni kutaga mayai. Shangazi akasema subhanallah, taratibu, kama anayesoma neno jipya.

Binti alituonyesha namna ya kurudia. Tulisubiri mpaka waliobaki kwenye mti ule wakaisha au kutawanyika. Safari hii tulitoa viota vyote mkorosho wa nyuma ya nyumba, tukafunga na kamba ndefu, mti kwa mti, ili wapya wasikatike na kwao. Mimi ndiye niliyepanda ngazi. Kiota kimoja kilipasuka mikononi mwangu, wakanimwagikia shingoni na usoni, na uchachu wao ukanipanda puani. Nilishuka kwa kuanguka zaidi kuliko kushuka. Nilikuwa nalia machozi, nikawa nasema nasikia, shangazi, nasikia kitu puani. Alinifuta kwa upande wa kanga yake na kuniuliza nasikia nini. Ulikuwa mchomo tu, kama wa pilipili. Baadaye daktari alinithibitishia kwamba mchomo na harufu ni vitu viwili, mtu aliyepoteza kimoja huweza kubaki na kingine. Lakini mchana ule nilikaa kwenye ngazi na uso umevimba, nimefurahi kama mjinga.

Kamba ilikaa tupu siku nzima. Kesho yake asubuhi tulimkuta mmoja katikati, anakwenda na kurudi. Adhuhuri walikuwa mstari mwembamba. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Kabla maua hayajatoka mti wa mwisho ulikuwa na majani yaliyoshonwa juu kabisa, ambayo wao wenyewe waliyashona. Nilisimama chini yake nikamwona mbu wa mikorosho anatua kwenye chipukizi. Hakumaliza kutulia. Walimjia kutoka pande tatu, wakamshika, wakamnyoosha, na chipukizi likabaki safi.

Mti ule ulichanua mweupe na mwekundu, ukabeba. Nilibaki mpaka msimu wa kuokota, nikavaa suruali ndani ya gauni kama shangazi na kupaka majivu miguuni. Tuliumwa sana. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama nakusanya mabibo yaliyoanguka nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikainuka nikatazama huku na huku nikitafuta moto. Moto haukuwepo. Nikaliinua bibo puani, na ile harufu ya mpira ilikuwa inatoka humo, ndani ya tunda lililoiva na kutoa maji. Nilimwita shangazi nikamwambia. Alicheka mpaka akaketi chini kati ya korosho.

"Mlango umefunguka, mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Hata kama aliyeingia siye tuliyemwalika."

Harufu ziliendelea kurudi hivyo, nyingine zimevaa nguo za wenzao. Kahawa ilinukia kama udongo, sabuni kama samaki, kisha polepole kila moja ikarudi mahali pake, au karibu na hapo. Nilirudi Kilwa Masoko mvua za vuli zilipoanza. Karafuu ninaisikia sawasawa. Nazi ninaisikia. Mdalasini mpaka leo sina habari nao, mwenzangu ndiye anayenipimia, na nimezoea kumwuliza bila aibu mbele ya wateja.

Shangazi hupiga simu, zaidi kulalamika. Mwaka huu jirani yake mmoja, aliyekuwa anamcheka kuliko wote, alikuja kumwomba viota. Nilimuuliza kama alimpa. Alisema angemnyimaje, jirani ni jirani, na kwamba ilimbidi aende mwenyewe kumwonyesha kufunga kamba kwa sababu mtu yule hajui hata fundo. Maji moto wamemng'ata yule jirani sikio mpaka halisikii. Sauti ya shangazi ilikuwa ya mtu aliyefurahi, akaendelea kunieleza kwa urefu jinsi yule bwana alivyokuwa anaruka juu ya ngazi, na jinsi kesho yake alivyomkuta amesimama peke yake chini ya mkorosho, kichwa juu, mdomo wazi, anawatazama, hajanywa hata chai.